Nimonia ya mashine na madai yanayowagharimu wachimbaji wa Rwamgasa

Rwamgasa, katika Wilaya ya Geita, watu wanaishi kwa dhahabu. Vijana wanashuka kwenye maduara, wengine wanaponda mawe kwenye makarasha, wengine wanachenjua kwa zebaki. Kifusi kikimfukia mtu akavunjika mbavu au akaumia kichwa, na akafika hospitali ya rufaa akiwa hai, huenda akaishia ICU: mpira umepitishwa kwenye koo lake la hewa na mashine inamsaidia kupumua. Mashine inamwokoa, lakini mpira huohuo unafungua njia ya maradhi. Hawezi kukohoa sawasawa, na mate yenye bakteria yanachuruzika kando ya mpira hadi mapafuni. Nimonia inayozuka baada ya saa 48 tangu mpira uwekwe ndiyo ninayoiita hapa nimonia ya mashine.

Kuhusu namna ya kuitambua nimonia hiyo maabara kuna madai yanayorudiwa sana kwenye korido za hospitali, kwenye vikao vya bajeti na hata vitandani mwa wagonjwa. Wanaoyasema wengi wao ni watu wa kazi, waliochoka, wenye wagonjwa wengi na vifaa vichache. Nayachukua kwa uzito huo. Hata hivyo yanaua, na nitayajibu moja baada ya jingine.

“Mapafu ya mchimbaji yameshaharibika kwa vumbi. Picha inatosha, maabara itaongeza nini?”

Kwa mchimbaji hasa, picha ndiyo haitoshi. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa vumbi la silika uliofanyika hapohapo Rwamgasa. Chini ya ardhi, wastani wa silika kwenye hewa wanayovuta wachimbaji ulikuwa miligramu 16.85 kwa kila mita moja ya ujazo. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini ni miligramu 0.05. Hiyo ni mara 337. Hata waliokuwa wakifanya kazi juu ya ardhi walikuwa kwenye karibu mara nne ya kiwango hicho.

Vumbi hilo huacha vinundu na makovu kwenye mapafu, na makovu huonekana meupe kwenye eksirei. Sasa mlaze mtu huyo kwenye mashine. Maji yakijaa mapafuni, weupe. Kipande cha pafu kikinywea kwa sababu ute umeziba njia, weupe. Damu ya mbavu zilizovunjika ikivuja ndani, weupe vilevile. Daktari anayemtibu mwalimu wa shule aliyegongwa na bodaboda anaweza kuilinganisha picha ya leo na pafu ambalo jana lilikuwa safi. Kwa mchimbaji hana pafu safi la kulinganisha. Homa nayo haisaidii sana, kwani jeraha kubwa peke yake huleta homa na hupandisha chembe nyeupe za damu. Kwa hiyo mtu ambaye picha yake inadanganya kuliko ya wengine ndiye anayehitaji zaidi sampuli itoke mapafuni mwake na isomwe vizuri.

Kuna jambo la pili katika dai hili, na linanisumbua zaidi. Silika hudhoofisha chembe zinazolinda mapafu, na watu wenye makovu ya silika hupata kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine. Bakteria wa kifua kikuu hawaoti kwenye sahani za kawaida zinazotumika kuotesha vimelea vya nimonia. Mchimbaji anaweza kupata jibu la “hakuna kilichoota” huku kifua kikuu kikiendelea kumla, na mashine ikitawanya hewa yake wodini kila mpira unapofunguliwa. Ute unaofyonzwa kwa mgonjwa wa aina hii ugawanywe sehemu mbili tangu mwanzo: chupa moja kwa kuotesha, nyingine kwa GeneXpert, kipimo kilichoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 na kinachotoa jibu kwa muda wa kama saa mbili pamoja na kueleza kama vimelea ni sugu kwa rifampisini. Tahadhari ipo. Kipimo hicho husoma chembe za urithi, na kwa mtu aliyewahi kutibiwa kifua kikuu huweza kuonyesha mabaki ya vimelea waliokwishakufa. Ndiyo maana historia ya matibabu ni lazima iandikwe kwenye fomu.

“Mpe dawa kali kuliko zote. Majibu ya kuotesha yakifika, mgonjwa ameshapona au ameshazikwa.”

Nusu ya dai hili ni kweli. Mgonjwa wa mashine aliyebadilika ghafla, ute wake ukawa usaha na oksijeni ikaanza kushuka, haachwi bila dawa akisubiri sahani. Hakuna mtaalamu wa maabara mwenye akili timamu anayedai hivyo. Kinachodaiwa ni kwamba sampuli itoke kabla ya dozi ya kwanza, jambo la dakika chache, kisha dawa ianze. Kioo kilichopakwa rangi ya Gram kinaweza kusomwa ndani ya saa moja na kumwambia daktari kama anapambana na bakteria wa mviringo walioshikana vichala, kama Staphylococcus, au na vijiti vyekundu kama Klebsiella na Pseudomonas. Kesho yake sahani inaonyesha kilichoota. Baada ya siku mbili au tatu inajulikana dawa ipi inaua na ipi haiui. Wagonjwa wengi wa nimonia ya mashine siku ya tatu bado wako kitandani.

Na hiyo “dawa kali” ni ipi? Mwaka 2009 watafiti wa Mwanza walichapisha matokeo ya bakteria 377 wa kundi la Gram hasi waliopatikana katika Hospitali ya Bugando. Asilimia 64 ya Klebsiella pneumoniae walikuwa na vimeng’enya vinavyovunja dawa za kundi la seftriaksoni, dawa ambayo wengi wetu tumeizoea kama sindano ya kumaliza kila kitu. Mwaka 2014 ulifuata utafiti mwingine wa Bugando kuhusu meropenemu na ndugu zake, dawa ambazo daktari huzifikia zile za kwanza zikishindwa. Kati ya bakteria 227, 80 walibeba jeni za kuzivunja. Bakteria wale walichaguliwa kwa sababu tayari walikuwa sugu kwa dawa nyingi, kwa hiyo idadi hiyo haielezi kila mgonjwa wa Mwanza. Inaeleza kwamba usugu huo umeshafika Kanda ya Ziwa, na kwamba mtu anayebahatisha anaweza kumchoma mgonjwa sindano ya bei kubwa siku tano mfululizo bila kuua chochote.

Faida ya kuotesha ambayo hatuizungumzii vya kutosha ni kuacha dawa. Sampuli nzuri iliyochukuliwa kabla ya dawa ikitoka bila kitu, na mgonjwa hajazorota, daktari ana sababu ya kusimamisha antibayotiki na kutafuta chanzo kingine cha homa. Hata nimonia ikithibitika, siku zinahesabika. Jaribio kubwa la Ufaransa lililochapishwa mwaka 2003, katika ICU 51 na wagonjwa 401, lilionyesha kwamba waliotibiwa siku 8 hawakufa zaidi ya waliotibiwa siku 15. Waliokuwa na Pseudomonas na bakteria wa jamii hiyo ndio ambao maambukizi yaliwarudia zaidi walipopewa siku chache. Bila maabara huwezi kujua mgonjwa wako yuko kundi gani, basi unampa kila mtu wiki mbili, na wodi nzima inalea usugu.

“Bila bronkoskopu, ute wa kwenye mpira ni takataka tu.”

Dai hili hutoka kwa wasomi, na lina historia ya heshima. Mwaka 2000 Wafaransa walichapisha jaribio la wagonjwa 413. Waliopimwa kwa bronkoskopu, kifaa kinachoingizwa hadi ndani ya pafu, walikufa kwa uchache zaidi katika siku 14 za kwanza kuliko wale ambao madaktari waliongozwa na dalili na ute wa kawaida. Kama tungeishia hapo, hospitali nyingi za Afrika Mashariki zingekuwa nje ya mchezo.

Mwaka 2006 lilitoka jaribio la Kanada na Marekani: ICU 28, wagonjwa 740. Kundi moja lilisafishwa pafu kwa bronkoskopu na bakteria wakahesabiwa, kundi jingine lilifyonzwa ute kwenye mpira na kuoteshwa kawaida. Baada ya siku 28 vifo vilikuwa asilimia 18.9 upande mmoja na 18.4 upande mwingine. Wagonjwa waliojulikana kubeba Pseudomonas, au Staphylococcus sugu kwa methisilini, hawakuingizwa kwenye jaribio hilo, na huo ni upungufu kwa wodi zetu. Hata hivyo mwongozo wa Marekani wa mwaka 2016 ulipendekeza ute wa kwenye mpira, ingawa wenzao wa Ulaya mwaka uliofuata waliegemea sampuli ya ndani ya pafu. Wakubwa wenyewe hawajakubaliana, kwa hiyo asitokee mtu wa kutuambia kwamba bila bronkoskopu tukunje mikono.

Kwa hali yetu msimamo wangu ni huu: ute uliofyonzwa kwa mrija mpya usio na vimelea, ukapokewa kwenye kichupa maalumu na kufikishwa maabara ndani ya saa mbili, una thamani kubwa kuliko bronkoskopu iliyooshwa nusu nusu na kuhamisha bakteria kutoka kitanda kimoja hadi kingine.

“Kilichoota ndicho kinachomuumiza.”

Hapa kosa limegeuka. Wanaosema hivi wanaiamini maabara kupita kiasi, na nadhani dai lao ndilo linalofanya madhara makubwa kuliko yote, kwa sababu linakuja na karatasi yenye muhuri.

Ndani ya siku chache tangu mpira uwekwe, bakteria hujenga utando wa utelezi kwenye kuta zake. Ukifyonza ute wa mtu mwenye mapafu mazima aliyekaa siku nne kwenye mashine na kuupanda kwenye sahani, karibu hakika kitaota kitu: Acinetobacter, Klebsiella, pengine na fangasi aina ya Candida. Kuota kunathibitisha kwamba kimelea yupo kwenye mpira. Hakuthibitishi nimonia. Maabara ikitoa orodha ya vimelea vitatu na jedwali la dawa kwa kila kimoja, daktari kijana wa zamu ya usiku atavitibu vyote vitatu.

Kinga ya kwanza ni hadubini. Kabla ya kupanda chochote, tone la ute hupakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa lenzi ndogo. Zikionekana zaidi ya chembe 10 bapa za utando wa mdomo katika eneo moja la lenzi, hayo ni mate, na sampuli inakataliwa. Ikiwa hakuna bakteria wanaoonekana kabisa kwa rangi ya Gram, kuotesha hakutasaidia sana. Zikionekana chembe nyeupe nyingi zilizobeba bakteria ndani yake, hiyo ni habari nzito na inastahili kupigiwa simu wodini palepale.

Kinga ya pili ni kuhesabu. Watu husikia “kuhesabu bakteria” wakadhani panahitajika mtambo. Panahitajika kitanzi kinachochota mikrolita 10, maji ya chumvi yasiyo na vimelea na nidhamu. Ute hulainishwa, huzimuliwa mara 100, kisha kitanzi kimoja hutandazwa kwenye sahani. Kesho yake kila doa linaloota linawakilisha bakteria 10,000 katika kila mililita ya ute wa awali. Madoa 10 ni bakteria 100,000, na kwa ute wa kwenye mpira wengi huanzia hapo kushuku ugonjwa, wengine husubiri milioni moja. Kwa sampuli iliyosafishwa kutoka ndani ya pafu mpaka ni 10,000. Mipaka hii haifuti akili ya daktari. Mgonjwa aliyekwisha kupewa antibayotiki anaweza kuwa chini ya mpaka na bado akawa na nimonia. Na katika vijiji vya machimbo, ambako duka la dawa liko karibu kuliko hospitali, ni wachache wanaofika rufaa bila kumeza au kuchomwa chochote. Kwa hiyo swali la dawa za wiki iliyopita waulizwe ndugu waliomleta, jibu liandikwe, na maabara isome hesabu yake kwa jibu hilo.

“Sahani za damu ya kondoo ni mambo ya Ulaya. Sisi tutumie damu iliyokwisha muda wa benki ya damu.”

Dai hili linanishangaza kusikika katikati ya nchi ya wafugaji. Maabara nyingi za Afrika hutumia damu ya binadamu iliyopita muda kutengenezea sahani, kwa kuwa inapatikana bure. Lakini damu hiyo imechanganywa na sitreti ya kuzuia kuganda, ina kingamwili za mtoaji, na inaweza kuwa na mabaki ya dawa alizomeza. Baadhi ya bakteria hudumaa juu yake. Wengine huota lakini ile alama ya kuyeyusha damu pembezoni mwa doa, ambayo mtaalamu huitegemea kumtofautisha nyumokokasi na jamaa zake wasio na madhara, haionekani vizuri. Kuna pia hatari ya virusi kwa anayeishika.

Kwa mchimbaji kijana hili lina uzito wake. Majeruhi wa kichwa wanaopata nimonia katika siku chache za kwanza mara nyingi hushambuliwa na bakteria waliokuwa nao puani na kooni tangu nyumbani: Staphylococcus aureus, nyumokokasi, Haemophilus. Hao wawili wa mwisho ndio wenye kuchagua chakula. Sahani mbovu huwaficha, kisha tunaandika kwamba hapa kwetu hawapo.

Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba damu ya kondoo wasio na sufu, aina hiihii inayozurura Geita na Shinyanga yote, inakidhi mahitaji yote ya sahani za uchunguzi. Kondoo hachinjwi. Hutolewa damu shingoni kwa usafi, kama binadamu anavyotoa, kisha hupumzishwa. Damu hutikiswa na shanga za kioo hadi nyuzinyuzi za kugandisha zitoke. Chakula cha bakteria huwekwa damu asilimia 5, kwa hiyo mililita 100 hutengeneza lita mbili, na lita mbili ni sahani 100 hivi. Damu hiyohiyo ikipashwa moto hadi igeuke rangi ya chokoleti humlisha Haemophilus. Hewa ya kaboni anayoitaka hupatikana kwa kuwasha mshumaa ndani ya mtungi na kuufunga. Gharama kubwa iliyobaki ni ya kumlea kondoo, kuwa na daktari wa mifugo wa kumkagua, na kupima kila kundi la sahani kwa bakteria wanaojulikana kabla ya kuzitumia kwa wagonjwa. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa mara kwa mara, na bila hiyo kondoo hana faida.

“Umbali.”

Hili nalijibu kwa ufupi. Mgonjwa wa mashine hayuko Rwamgasa, yuko hospitali yenye ICU. Safari ya sampuli yake mara nyingi ni korido moja, na bado inachukua nusu siku kwa sababu hakuna aliyepangiwa kuibeba. Penye umbali wa kweli, kati ya Geita na Mwanza, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa kusubiri kivuko. Ute ukiwekwa kwenye jokofu la nyuzi 4 huvumilia hadi saa 24. Rwamgasa yenyewe ilishatoa sampuli za damu, mkojo na nywele kwa ajili ya utafiti wa zebaki wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, miaka ya 2000, zikahifadhiwa na zikapimwa. Kilichowezekana kwa zebaki kinawezekana kwa nimonia.

“Tusubiri mashine za kisasa za jeni, zitamaliza habari hii.”

Zipo, ni nzuri, na natamani zifike. Kuna vipimo vinavyosoma bakteria zaidi ya kumi pamoja na jeni kadhaa za usugu kutoka kwenye ute kwa muda wa kama saa moja. Lakini vinatafuta majina yaliyomo kwenye orodha yao tu. Usugu unaotokana na bakteria kufunga milango yake au kuitapika dawa, njia anazozitumia sana Pseudomonas, hauonekani kwa kutafuta jeni hizo chache. Kifua kikuu hakimo kwenye orodha hizo za nimonia ya kawaida. Na ukivipa mate badala ya ute wa mapafuni, vitakuambia kwa haraka na kwa usahihi ni bakteria gani wako kwenye mate. Kioo cha Gram na sahani vitabaki kuwa msingi, jeni ikiongezwa juu yake.

Wakati tunazisubiri mashine hizo, vifaa vya kumweka mgonjwa hai tumevipata kwa kasi. Mpango wa shilingi trilioni 1.3 ulioanza Oktoba 2021, kwa mkopo wa UVIKO-19, ulijenga ICU na majengo ya dharura na kusimika mitambo ya oksijeni katika mikoa mingi. Kabla ya hapo, utafiti wa hospitali nne za rufaa, Bugando ikiwemo, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta zaidi ya wagonjwa 40 kati ya kila 100 walioingia ICU wakifa. Vitanda vipya bila meza ya vimelea iliyo hai karibu navyo vitaongeza wagonjwa wanaowekwa mpira, na nimonia ya mashine itaongezeka pamoja nao.

“Hayo yote ni kazi ya watu wa maabara.”

Kati ya hatua nilizozitaja, nyingi hufanyika kabla mtu wa maabara hajashika chochote. Muuguzi ndiye anayechagua kufyonza kwa mrija mpya au uleule wa asubuhi. Daktari ndiye anayechukua sampuli kabla au baada ya dozi. Fomu inayoandikwa “nimonia, angalia” haimsaidii yeyote. Ningependa fomu ya Kanda ya Ziwa iwe na mistari michache isiyoruhusiwa kuachwa wazi: siku ya ngapi kwenye mashine, sampuli imetoka wapi na saa ngapi, antibayotiki gani kwa wiki iliyopita, amewahi kutibiwa kifua kikuu, na kazi yake. Kwenye kazi kuandikwe “mchimbaji”, na miaka aliyokaa duarani. Maabara ikiirudisha sampuli kwa sababu ni mate, wodi ifyonze nyingine katika zamu ileile na kuipeleka, bila ugomvi wa simu.